Ombi la Kuuhamisha Muziki Kutoka Chumbani

Bilan Abdirahim,
Kidato cha Tatu,
Garissa.

Kwa Mhariri Mkuu,
Kamusi Ndogo ya Istilahi za Muziki kwa Shule,
Nairobi.

Ndugu Mhariri,

MINT: MUZIKI UHAMISHWE KUTOKA CHUMBANI KABLA YA ALHAMISI

Assalaamu alaykum. Kama wewe si Mwislamu, pokea tu kwamba nimekutakia amani, kwa sababu kuanzia hapa huenda usiione dalili yake.

Mimi napiga fidla ya pili katika kundi la wasichana wanne wa shule yetu. Zamzam anapiga fidla ya kwanza, Tuye anapiga viola, na Hinda anapiga chelo, ambayo ni fidla kubwa kuliko mbuzi. Ala hizi tulipewa na shule moja ya Nairobi iliyonunua mpya. Ulimbo wa kupaka kwenye pinde ulipotuishia, abti yangu Liban, ndugu wa mama yangu anayefanya biashara Bute, alituletea ubani mgumu, nao ulifanya kazi vizuri. Tangu siku hiyo darasa la mazoezi hunukia kama nyumba ya arusi. Naeleza haya ili ujue kwamba shida za kawaida tunazimaliza wenyewe. Hii ya sasa imetoka kwenye kamusi yako.

Tumealikwa kwenye tamasha huko Embu. Majaji watachagua kundi moja la watu wanne, na kundi hilo, baada ya kidato cha nne, litafundishwa miaka miwili Nairobi na watu ambao kazi yao ya kila siku ni muziki wa namna hii. Mimi sikujua kwamba kuna kazi kama hiyo duniani. Sasa najua, na sipati raha. Sharti ni moja: wawe wanne walewale waliosikika. Kundi letu likibaki na watatu litakuwa kama ngamia wa miguu mitatu. Ngamia ni ngamia, lakini soko la Griftu hafiki.

Mwalimu wetu Dabasso, anayefundisha hisabati na muziki, aliwaandikia wazazi barua ya ruhusa. Aliiandika kwa Kiswahili ili kila mzazi aielewe, na kwa kuwa yeye ni mtu mwangalifu, hakuandika neno lolote la muziki bila kulitafuta kwanza katika kamusi yako. Nainakili hapa kama ilivyokuwa:

"Mzazi mpendwa, binti yako na wenzake watatu wamechaguliwa kucheza muziki wa chumbani huko Embu, bila kiongozi, ili kuwastarehesha wageni waalikwa. Watalala huko siku mbili. Kila msichana aje na upinde wake. Wakifaulu, hii itakuwa kazi yao ya maisha."

Wazazi watatu walitia sahihi. Mama yangu hakuisoma. Baba yake Tuye huheshimu barua yoyote yenye mhuri. Mama yake Zamzam alimpigia mwalimu simu, akaelezwa, akacheka mpaka salio likaisha. Lakini baba yake Hinda, Mzee Yarow, ni dalali wa mifugo, na dalali husoma barua mara mbili. Mara ya pili aliisoma kwa sauti, dukani, mbele ya wenzake. Rafiki yake Mzee Abdille akauliza jambo kuhusu godoro ambalo siwezi kuliandika katika barua rasmi.

Kesho yake Mzee Yarow alikuja shuleni. Alimwambia mwalimu wetu, kwa upole kabisa: "Mwalimu, mimi nauza ngamia miaka thelathini. Mtu akiniambia huyu ngamia ni mzuri, lakini ako ndani na lazima nimuone hapohapo ndani, hiyo bei hata siulizi." Kisha akairudisha barua bila sahihi. Mwisho wa kurudisha barua ni Alhamisi.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, nalalamika kama ifuatavyo.

1. Neno "chumbani". Sina ugomvi na chumba. Neno hilo likifuatwa na "cha" huenda kazini: chumba cha mtihani, chumba cha daktari, chumba cha mikutano. Hakuna mzazi wa Garissa aliyewahi kumkataza binti yake kuingia chumba cha mtihani. Lakini likipewa "ni" na kuachwa peke yake, neno hilohilo huvua viatu na kulala. Mwalimu alijaribu kueleza kwamba zamani, Ulaya, watu wenye nyumba kubwa waliwaalika wageni wachache kusikiliza muziki katika chumba chenye viti. Mzee Yarow alijibu kwamba kama kilikuwa na viti, wangeuita muziki wa viti.

2. Neno "kucheza". Ukurasa wa thelathini na moja mmeandika "kucheza ala". Huku kwetu ngoma huchezwa, mpira huchezwa, na mtoto asiye na kazi hucheza. Ala hupigwa. Mwalimu alikubali kosa, akaandika barua ya pili: "Hawatacheza. Watapiga, wote kwa pamoja, kila mmoja kwa upinde wake." Mzee Yarow aliirudisha hiyo pia. Alitaka kujua watampiga nani, na watu wa Embu wamewakosea nini.

3. Neno "upinde". Hili lilituharibia hata nje ya familia. Njia ya kutoka mjini ina kizuizi cha polisi, na mwalimu alitaka kumwonyesha afisa orodha ya mizigo mapema ili siku ya safari tusicheleweshwe. Orodha ilisema: fidla mbili, viola moja, chelo moja, pinde nne. Afisa aliuliza mishale iko wapi. Mwalimu, ambaye hawezi kusema uongo, alisema hana. Afisa akaandika pembeni: "Mishale haijapatikana." Sasa tuna karatasi ya serikali inayosema hivyo. (Hapa naomba nikushukuru kwa jambo moja: kamusi yako haikueleza jinsi mpiga chelo anavyokaa na mahali anapoiweka miguu. Tafadhali endelea kunyamaza.)

4. Maneno "bila kiongozi". Nimeyafikiria haya sana, kwa sababu ndiyo ninayoyapenda kuliko yote. Kwaya ina mtu anayesimama mbele akipunga mikono. Sisi hatuna. Zamzam huinua pua kidogo, anavuta pumzi, na sisi watatu tunaingia pamoja naye. Hatuambiani kitu. Siku moja Tuye alikuwa amekasirika na mimi kwa sababu ya daftari, na bado tulipofika mahali pagumu alinitazama, nikajua ataingia lini. Nilitaka mtu anipe neno la jambo hilo, nikalitafuta kwenye kamusi yako, nikakuta "bila kiongozi". Mzazi akisoma hayo huelewa kwamba wasichana wanakwenda Embu bila mtu mzima. Mwalimu alijaribu kusahihisha, akasema viongozi ni wasichana wenyewe. Naomba usicheke. Ilikuwa mbaya zaidi.

5. Maneno "kazi ya maisha". Mkutano uliitishwa, na mwalimu akaeleza kwamba makundi mazuri ya watu wanne hukaa pamoja miaka thelathini, hata arubaini. Husafiri pamoja, hula pamoja, hugombana na kupatana, na kila mmoja hujua pumzi ya mwenzake. Aliyasema kwa furaha. Wazazi waliyasikiliza kama taarifa ya ukame. Rahmo, shangazi yake Hinda, aliuliza wataolewa saa ngapi. Mzee Abdille, ambaye si mzazi wa mtu yeyote katika shule yetu na hatujui aliingiaje mkutanoni, akasema atakayemposa mmoja wao atakuwa ameoa wanne kwa mahari ya mmoja, na bado hajavunja sheria. Wanaume walicheka. Mzee Yarow hakucheka. Hinda alikuwa amekaa nyuma na chelo yake, na nilimwona akianza kuirudisha ndani ya mfuko wake, polepole, kama mtu anayejifunza kuiaga.

Ndipo nilipoamua kukuandikia.

Sikuja na malalamiko matupu. Nimekuja na njia za kuyamaliza. Kwanza, naomba "muziki wa chumbani" uitwe "muziki wa ofisini". Nimechunguza jambo hili kwa makini. Sebuleni hapafai, kwa sababu sebule ni ya wageni wa kiume. Uani kuna mbuzi. Lakini ofisini ndiko kila mzazi wa hapa anakotaka binti yake aishie, hata kama hajui humo ndani hufanywa nini. Barua ikisema "binti yako atafanya kazi ya ofisini huko Embu", Mzee Yarow atatia sahihi akiwa amesimama.

Pili, upinde uitwe "fimbo". Kila mtu mwenye heshima huku hutembea na fimbo, na polisi hawamuulizi mishale.

Tatu, kwa kuwa mwalimu alimwonyesha Mzee Yarow kamusi yenyewe, naye akaishika kwa mikono yake, masahihisho ya barua pepe hayatatosha. Naomba uje mwenyewe kabla ya Alhamisi. Uje na mhuri, na uwe mkubwa. Uketi na Mzee Yarow pale sokoni, umwambie kwamba chumbani si chumbani. Atakupa chai ya maziwa ya ngamia. Kama hujaizoea, kunywa kidogo kidogo.

Nne, ukishindwa kuja, nakala zote za kamusi zilizouzwa nchini zikusanywe, na kurasa zilizotajwa zing'olewe. Sisi wanne tuko tayari kusaidia upande wa Garissa, ambako kuna nakala moja.

Tano, na hili ni kama yote yaliyotangulia yatakataliwa, naomba "ch" iondolewe kabisa katika lugha. Najua tutapoteza chai, chakula, chuo na cheti. Tumelijadili. Tuye anasema chakula tutakiita mlo, na cheti hatujakipata bado kwa hiyo hatutahisi tofauti. Chelo yenyewe itabidi iitwe fidla babu. Hinda amekubali. Kwa sasa angekubali lolote.

Huenda utaniambia kwamba neno ni neno tu, na tamasha lingine litakuja. Ni kweli litakuja. Lakini mwaka ujao Zamzam atakuwa amemaliza shule, na wanne walewale hatutakuwepo tena. Mimi ni fidla ya pili, Ndugu Mhariri. Fidla ya pili haiwezi kwenda popote peke yake. Nikipiga sehemu yangu nyumbani, mama huniuliza wimbo wenyewe utaanza lini.

Nisalimie wahakiki wako wote, wapiga chapa, mlinzi wa lango la ofisi yenu, na yule aliyeandika ukurasa wa thelathini na moja, ambaye simchukii. Wasalimie wanao nyumbani. Kama una binti, msalimie mara mbili, na umuulize angependa uandike nini kwenye barua yake ya ruhusa.

Ni mimi ninayesubiri neno lako, kwa heshima na kwa haraka,

Bilan Abdirahim
Fidla ya Pili

N.B. Bahasha ilikuwa bado haijafungwa Hinda alipofika, baada ya swala ya alasiri, akitweta. Bibi yake, Ayeeyo Safiyo, ambaye ndiye mama mzazi wa Mzee Yarow, aliomba asomewe ile barua ya kwanza iliyosababisha kelele. Akauliza mambo matatu. Hicho chumba kina mlango? Hinda akasema kina. Anaingia nani? Walioalikwa tu. Na huo muziki, mtu aliye barabarani anausikia? Hinda akasema hausikii. Basi Ayeeyo akamgeukia mwanawe: "Yarow, ulitaka waende uwanjani, kila dalali awatazame? Binti wa heshima mahali pake ni chumbani. Hawa watu wa kamusi wamelelewa vizuri." Mzee Yarow ametia sahihi. Hinda alipomtajia baba yake pendekezo langu la ofisini, mzee alikasirika sana, akasema ofisi zimejaa wanaume, na akaandika chini ya sahihi kwa mkono wake: "Chumbani tu. Ofisini hapana."

Kwa hiyo tafadhali usibadilishe herufi hata moja. Usije. Kama umeshapanda basi, shuka. Kuhusu kiongozi, Ayeeyo anasafiri nasi, na ameshasema atakaa mlangoni na fimbo yake na kuamua nani ameelewa muziki kiasi cha kuingia, majaji wakiwemo. Mwalimu Dabasso anauliza kama kuna istilahi ya mtu wa namna hiyo. Kama haimo kwenye kamusi, tunakuomba usiitafute.