Ombi la Kupiga Marufuku Zabibu Kavu Mtaani Kwetu

Mheshimiwa Afisa Afya,

Pokea salamu zangu za dhati, wewe pamoja na wote wanaosubiri kwenye foleni nje ya mlango wako. Mimi ni fundi suruali, mtu mzima, baba wa watoto wakubwa. Chumba changu cha kushonea kinatazamana na ile bekari iliyofunguliwa pale palipokuwa na duka la ndoo. Si kawaida yangu kuisumbua serikali. Hata bomba la maji lilipopasuka mbele ya mlango wangu, niliruka dimbwi kimya kimya kama wenzangu. Lakini hili la sasa limenifika hapa, na hapa nimeshika koo, ingawa hunioni.

Nakuomba kwa heshima na taadhima upige marufuku zabibu kavu ndani ya mkate wa aina yoyote katika mtaa huu. Jina langu lisitajwe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kusimamiwa. Siku bekari ilipofunguliwa niliingia na nia moja tu: donati yenye sukari juu, ambayo nilikuwa nimeshaiona kupitia kioo nikiwa bado ng'ambo ya barabara. Mwenye bekari, ambaye sote tunamwita Mama Bekari, akaniwahi. Alinikalisha kwenye meza ya dirishani, akaniwekea kipande cha mkate uliojaa zabibu, akasema, "Baba, wewe ndiye mteja wangu wa kwanza, hebu nionjee." Kisha hakuondoka. Alisimama pale pale akifuta mikono kwenye aproni na kunitazama mdomoni. Mheshimiwa, mimi zabibu kavu siziwezi. Zinanata kwenye meno na kunikalia huko mpaka jioni. Lakini mtu aliyelelewa vizuri atasemaje? Nilisema, "Sijawahi kuonja mkate kama huu." Huo ulikuwa ukweli mtupu, na aliyeuchukulia kuwa ni sifa alijichukulia mwenyewe.

2. Kuwekewa. Tangu siku hiyo sijapata nafasi ya kuagiza chochote. Kabla sijavuta kiti, mkate uko mezani. Nikichelewa, naukuta umefunikwa kwa sahani usiingie vumbi. Nimejitetea kwa kila njia. Nilisema daktari amenikataza sukari. Mama Bekari akaondoa sukari na kuongeza zabibu ili utamu usipungue. Nilisema meno yananisumbua. Akaanza kuziloweka zabibu usiku kucha, na sasa zimevimba, ukiuma moja inakurukia. Mwishowe nikasema nasafiri. Alinifungia mkate mzima wa kula njiani, akanisindikiza hadi mlangoni na kunipungia mkono, ikabidi nisafiri kweli. Nilikwenda kujificha kwa shemeji yangu upande wa pili wa jiji, bila taarifa wala sababu. Shemeji alipoufungua ule mfuko alikataa kabisa kuuonja, akisema hawezi kuninyima kitu ninachokipenda kiasi hicho. Akawa ananikatia kipande kila mlo, mpaka ukaisha.

3. Jina. Zamani nilikuwa Fundi. Kibao changu bado kinasema Fundi. Leo mtaa mzima unaniita Baba Zabibu. Watu wenye suruali za kupunguzwa wanaelekezwa "kwa Baba Zabibu", na wakifika wananiuliza kama nauza kwa kilo. Mjukuu wangu shuleni anaitwa Zabibu Ndogo na, kinachoniuma zaidi, amelipenda.

4. Usafi uliopindukia. Nikijua kwamba ofisi yako haiingilii duka la mtu bila sababu, nilijitolea kukutafutia. Niliangusha kalamu makusudi ili nichungulie chini ya meza. Niliomba kunawa kule jikoni. Nilipitisha kidole juu ya kabati la vioo, kikarudi kisafi kuliko kilivyokwenda. Hakuna mende, hakuna panya, hakuna hata inzi mmoja wa kusingizia. Mwanamke yule hajamwachia raia mwenye malalamiko upenyo wowote, na hilo lenyewe naliona si la kawaida.

5. Ndoa yangu. Nilimwambia mke wangu ukweli, nikitegemea huruma. Aliweka mwiko chini, akafikiri, akasema, "Na mchuzi wangu je?" Tangu jioni ile kila ninapousifu mchuzi ananikazia macho kama askari. Nisipousifu ni balaa, nikiusifu ni ushahidi. Mchuzi wake naupenda kwa moyo wangu wote, Mheshimiwa, lakini nimeishiwa maneno ya kuaminika. Nilimwomba anisaidie kumweleza Mama Bekari polepole, kiutu uzima. Amekataa. Anasema jambo hili nililianza kwa mdomo wangu na nitalimaliza kwa mdomo huo huo.

6. Bango. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu leo badala ya mkasi. Wiki hii Mama Bekari amenipiga picha nikiwa nimeshika kipande cha mkate na kutabasamu, na picha hiyo iko kwa mchapaji, itengenezwe bango la bekari. Kuanzia Jumamosi ataacha kuoka donati, ataacha keki, ataacha mikate ya kawaida. Oveni zote zitaoka mkate wa zabibu peke yake kwa sababu, alisema huku machozi yakimlengalenga, mteja wake wa kwanza hajawahi kuuchoka. Mheshimiwa, nimechunguza nikiwa kwenye meza yangu ya dirishani. Katika mtaa huu mzima mkate huo unaliwa na mimi tu. Wengine wanakuja kwa donati. Yule mama ana watoto wanaosoma, ana waokaji wanaomtegemea kule ndani, na wote hao sasa wamesimama juu ya ulimi wangu. Ninaogopa, nasema wazi. Bekari ile ikianguka, nitakuwa nimeiangusha kwa adabu.

Kwa hiyo naomba ofisi yako itoe barua yenye mhuri, ikitangaza kwamba zabibu kavu zikiwa ndani ya mkate hazitofautiki na inzi kwa macho ya kawaida, na kwamba mpaka uchunguzi utakapokamilika zote zitachukuliwa kuwa ni inzi. Hilo likishindikana, basi nitangaze mimi. Andika kwamba nina ugonjwa usio na jina, usioambukiza wala kuuma, ila mgonjwa akila zabibu anakuwa hatari kwa majirani. Niko tayari kuvaa alama yoyote mtakayochagua, mradi nijishonee mwenyewe.

Amri hiyo ikifika, uelewe kwamba nitaipinga hadharani. Nitasimama mbele ya bekari nipige kelele, nitakuita katili asiyejua njaa, na pengine nitavua kofia niitupe chini. Tafadhali usininunie. Itakuwa ni kumfariji mama wa watu tu. Baadaye, mambo yakitulia, leta suruali zako zote nikupunguzie au nikupanulie kadiri mwili utakavyotaka. Hiyo ni kukuomba radhi, si rushwa.

Nisalimie karani wako, ambaye kwa hili la zabibu amenirudisha nyumbani mara nyingi na kila mara kwa upole. Nisalimie mlinzi wa getini, familia yako yote, na yeyote hapo ofisini asiyependa zabibu ambaye hajapata pa kusemea.

Wako mtiifu na mwenye kushiba kwa lazima,

Fundi Suruali, mkabala na bekari
(Ukipotea njia, uliza Baba Zabibu. Nimeshakubali.)

Nyongeza: Kabla sijabandika bahasha nilivuka barabara kwenda kunywa chai. Kwenye kaunta kuna dada mpya ambaye hanijui. Kwenye meza yangu alikuwa ameketi bwana mmoja mwenye tai, anakula mkate wangu. Yule dada akaniambia bila wasiwasi wowote, "Umeisha, baba, chukua donati." Nilihisi damu ikinipanda kichwani. Donati, mimi! Nikabaki nimesimama katikati ya duka, na wivu umenishika kama kijana.

Yule bwana alikuwa anachomoa zabibu moja moja na kuzipanga ukingoni mwa sahani. Mama Bekari alipotoka jikoni, akamwambia hivi hivi tu, mdomo umejaa, "Mama, mkate ni mzuri, ila zabibu zimezidi." Mama Bekari akajibu, "Asante kwa kuniambia, nitapunguza." Hakulia. Hakukasirika. Alimwongezea chai, na mambo yakaishia hapo.

Mheshimiwa, sikuweza kuvumilia. Nilisema mbele ya watu wote kwamba asithubutu kupunguza hata moja, kwamba huo ndio mkate pekee wa maana katika jiji hili, na kwamba asiyeuweza aende akale kwingine. Watu wamepiga makofi. Mama Bekari amenishika mikono yote miwili, na kuanzia kesho ataziongeza. Barua hii naomba uichane. Lakini yule bwana wa tai, tafadhali, ofisi yako imfuatilie.