Wavu Ambao Haujazinduliwa

"Kitengo cha Uvuvi wa Kuwajibika kina heshima kuutangazia umma kwamba maandalizi ya kuzindua Wavu wa Mfano yamekamilika, isipokuwa uzinduzi wenyewe."

Nilikuwa nimemaliza tu kuandika sentensi hiyo, na nimeanza kuipenda, mlango ukasukumwa kwa kiwiko. Akaingia mwanamke nisiyemjua, suruali imelowa hadi magotini, mikononi kabeba beseni la samaki waliokufa.

"Hodi," alisema, akiwa ameshafika mezani. "Nimewaletea samaki wenu."

Nilimshukuru, nikamweleza kwa upole kwamba watumishi wa Kitengo hatupokei zawadi.

"Zawadi gani, mwanangu? Hawa ni wa kwenu. Wamefia kwenye wavu wenu. Sisi nyavu zetu tumeanika."

Alikuwa mvuvi wa pale mlango wa mto, kwao wanamwita Mama Kasia, na alikuwa anasema kweli. Mwezi huo samaki huingia mtoni kutaga mayai, na wavuvi walikuwa wamekubaliana wasitie majini hata uzi. Sisi ndio tuliowashauri. Wakati huohuo Mkurugenzi wetu aliagiza Wavu wa Mfano utandazwe palepale mlangoni, kwa kuwa mandhari yake yanapendeza kwenye picha. Ndivyo ilivyotokea kwamba, katika eneo zima, mvuvi pekee aliyebaki kazini alikuwa Kitengo cha Uvuvi wa Kuwajibika.

Sitaki mtu afikiri hatukujua tunachofanya. Wavu wa kutega ni ukuta wa nyuzi unaosimama ndani ya maji: maboya madogo yanauinua juu, vipande vizito vya risasi vinauvuta chini. Samaki hauoni. Anapenyeza kichwa kwenye jicho la wavu, na akitaka kurudi nyuma uzi unamshika kwenye matamvua anayopumulia. Kwa hiyo mwenye wavu achague jicho linalomwachia mdogo apite akakue, aweke bendera ili wengine wauone, aukague mara kwa mara, na asiutelekeze, maana wavu haujui kwamba mwenyewe kaenda mkutanoni. Unaendelea kuvua tu. Haya yote yamo kwenye hotuba ya Mkurugenzi. Niliiandika mimi.

Upande wa jicho tulifaulu vizuri sana. Hakunaswa hata samaki mdogo mmoja. Walinaswa mama watupu, matumbo yamejaa mayai. Bendera zilikuwepo pia, ila zilikuwa stoo, zimefungwa kwenye nailoni, kwa sababu itifaki ilitaka mgeni rasmi azisimike kwa mkono wake.

"Na hawa uliwatoaje?" nilimuuliza Mama Kasia. "Si mlitangaziwa kwamba atakayegusa mali ya Kitengo atashtakiwa?"

"Sikugusa wavu. Niligusa samaki."

Nilimpeleka kwa Mkurugenzi, nikiamini kabisa kwamba akiliona tu lile beseni, wavu utatoka siku hiyohiyo. Mkurugenzi alilitazama, akasogeza kiti karibu na dirisha.

"Wavu upi?"

"Wa Mfano, mkuu."

"Umeshazinduliwa?"

"Bado. Mgeni rasmi ameahirisha tena, mpaka Alhamisi."

"Basi kiutaratibu haupo majini. Utaingia majini siku ya uzinduzi."

"Na hawa je?" Mama Kasia aliinamisha beseni. Maji ya samaki yakadondokea zulia.

"Hao, mama yangu, itabidi wasubiri. Hawawezi kufa kwenye wavu ambao haupo."

"Kwani hapa wamelala?"

"Hilo halijathibitishwa."

Nikajitolea kwenda kuutoa kimyakimya. Mkurugenzi akanieleza, kwa subira ya mzazi, kwamba kutoa kitu majini ni kukiri kwamba kilikuwemo, na kwamba mtu ambaye bado yuko kwenye majaribio, kama mimi, hapaswi kukirikiri ovyo akiwa na nia ya kuthibitishwa kazini. Nilikubali kwamba hoja ilikuwa nzito. Lakini tulipofika koridoni nilimtazama yule mama, nikawatazama samaki wake, mdomo ukanitangulia.

"Uzinduzi ukifanyika Alhamisi, tunautoa hapohapo. Usipofanyika, Ijumaa jua likizama wavu utakuwa nje ya maji."

"Hiyo ni ahadi ya ofisi?"

"Hapana, mama. Ya kwangu."

"Afadhali," alisema, akaniachia beseni.

Alhamisi mgeni rasmi aliahirisha. Ijumaa alasiri Mkurugenzi alichukua boti ya Kitengo na dereva wake, akaenda kufanyia hotuba mazoezi mahali penyewe. Muda si mrefu simu yangu ikalia.

"Tumenaswa!"

"Poleni, mkuu. Na nini?"

"Na wavu! Umejizungusha kwenye rafadha, injini imekufa!"

Nilishangaa kwa dhati. "Wavu upi, mkuu? Wavuvi wote wameanika, na sisi kiutaratibu hatuna wavu majini."

Nilimsikia dereva akisema kitu kuhusu maji yanayoingia kwa nyuma.

"Wa Mfano," Mkurugenzi alisema kwa sauti ndogo.

"Ule ambao haujazinduliwa?"

"Upo! Upo majini, nimesema upo!"

Nilimshukuru kwa ufafanuzi, nikatoka mbio.

Ufukweni niliwakuta wavuvi wamekaa kama wako harusini. Hapakuwa na haraka. Mkurugenzi alikuwa amesimama kwenye boti katikati ya mlango wa mto, amevaa suti na jaketi la kuokolea, akipunga karatasi za hotuba.

"Tungekuja, mheshimiwa!" Mama Kasia alimpigia kelele. "Lakini hiyo ni mali ya Kitengo, tukiigusa tunashtakiwa!"

"Nawaruhusu!"

"Kuigusa tu, au na kuivuta?"

"Vyote! Vyote, mama!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi na Mama Kasia tukaingia kwenye mtumbwi wake. Tulipofika, Mkurugenzi aliniita kando, kadiri mtu anavyoweza kuitwa kando akiwa mtumbwini.

"Kateni kipande kilichoshika rafadha, kingine kiacheni. Mgeni rasmi anakuja kesho asubuhi, amethibitisha kabisa."

"Leo ni Ijumaa, mkuu. Nilimwahidi mama."

"Ukiutoa, kesho atazindua nini? Sikiliza, kijana. Ukiutoa, Jumatatu usije."

Jua lilikuwa karibu kugusa maji. Nilimfikiria mama yangu, ambaye ameshawatangazia majirani wote kwamba mwanawe ana kazi ya serikali. Nikafikiria mshahara ambao nilikuwa sijaanza kuuzoea. Mama Kasia alikuwa ameshika kasia, ananitazama tu.

Nikapiga moyo konde, nikashika kamba ya juu, nikavuta.

Tulianza kwa kuunasua wavu kwenye rafadha, kisha tukaupandisha mtumbwini kidogo kidogo. Wengi walikuwa wameshakufa. Waliokuwa hai tuliwatoa mmoja mmoja. Samaki aliyenasa havutwi mkia, maana unamchana matamvua. Unamsukuma mbele, apite kulekule alikokuwa anaelekea. Niliwasukuma mbele, na mmoja baada ya mwingine wakaingia mtoni na mayai yao.

Injini haikuwaka tena. Dereva alibaki botini akikumba maji, na Mkurugenzi akahamia kwetu, akakaa katikati, mahali pekee palipobaki, juu ya Wavu wa Mfano. Hapo akaanza kunifukuza kazi. Alifanya hivyo kwa lugha rasmi, akitaja utovu wa nidhamu na kuhujumu uzinduzi, huku maji ya wavu yakipanda taratibu kwenye suti yake. Mimi nilivuta mita za mwisho, nikaitikia "ndiyo, mkuu" kila alipovuta pumzi.

"Mheshimiwa, samahani," Mama Kasia alimkatiza. "Hebu inua miguu, kipande cha mwisho hiki kiingie."

Akainua.