Kitufe Kimehamia Katikati

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Kompyuta ya darasa la kanisa inaomba tangu Julai: mfumo mpya uko tayari, bonyeza hapa. Delphin, mwalimu mwenzangu, alisema tusiguse mpaka muhula uishe. Delphin hupenda kusema. Alipoenda nyumbani jioni kula nsima, ugali wa huku Malawi, nikabonyeza. Saa tatu nzima kiduara kinazunguka! Kisha uzuri mtupu. Hata kitufe cha kuanzia, kilichokaa kona ya kushoto miaka yote, sasa kiko katikati. Nimejiona mtu wa maendeleo.

Jumanne, 2 Septemba
Vita darasani! Asani, mwanafunzi wetu fundi cherehani, aliuliza ni nani kawaruhusu watu wa mbali kuhamisha vitu ndani ya nyumba ya mtu. Charlène wa kwaya (macho yale!) akasema katikati ni pazuri, hata chakula huwekwa katikati ya meza. Asani akajibu kwamba mlango hauwekwi katikati ya chumba. Nikawaunga mkono wote wawili. Delphin akauliza nani kabonyeza. Nikasema mashine za siku hizi hujibonyeza zenyewe.

Mama Orpa alikuwa amekaa mbele ya kompyuta. Ana miaka sitini na minane, na macho hafifu. Alijifunza kwa mkono: sukuma kipanya mpaka kona ya chini kushoto, bonyeza. Leo alisukuma, akabonyeza. Zikatoka habari za mvua. Akarudia mara sita. Kisha akafunga daftari lake taratibu, akaenda.

Jumatano, 3 Septemba
Mama Orpa hakuja. Nimepita kwake. Alikuwa anachagua maharage, haniangalii. Akasema mama yake kule Fizi, Kongo, alianza hivyohivyo: leo kasahau njia ya mtoni, kesho jina la mtoto. "Rémy, mwana wangu, kichwa yangu njo inaanza kutoka." Akaniomba nimalizie mimi ile barua anayomwandikia binti yake Maombi, aliyehamia Kanada, kabla hajasahau majina ya wajukuu.

Hapo nilipaswa kusema. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikaomba maji ya kunywa.

Lakini njiani, fikra kubwa! Nitarudisha mfumo wa zamani kimyakimya. Mama atabonyeza kona, patafunguka, moyo wake utatulia. Hakuna atakayejua.

Alhamisi, 4 Septemba
Lilongwe, soko la Tsoka. Muuzaji akaapa ana kila mfumo uliowahi kuwepo. Akanipa flashi. Nikamshukuru kwa Kichewa, zikomo, mara tatu. Alasiri nikaiweka, na kitufe kikarudi konani. Ushindi! Ila kila kitu kimeandikwa Kichina. Nimetafuta mahali pa kubadili lugha. Huenda nimepaona. Kazi za wanafunzi zote zimefutika pia. Namshukuru Mungu, Delphin huzinakili kila siku.

Ijumaa, 5 Septemba
Delphin alikaa mbele ya Kichina. Nikakiri. Akaweka upya ule mfumo mpya, kisha akaingia kwenye mipangilio, akagusa mara mbili, na kitufe kikaenda kushoto. Dakika moja! Jambo lenyewe liliwezekana tangu Jumatatu. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema tu niende kwa mama.

Nikaenda. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni: ni mimi niliyebonyeza, ni mimi niliyenyamaza.

"Basi kichwa yangu iko muzima?"

Nikasema iko mzima, mama, kuliko yangu.

Akalia kwanza. Kisha akanishika masikio yote mawili, kama mtoto aliyevunja chungu, akacheka, akasema kwamba mi ni mujinga, lakini ni mujinga wake. Siku tatu, alisema, alikuwa analala akiyataja majina ya wajukuu, asije akapoteza hata moja.

Tukarudi darasani tumeshikana mikono. Asani akamsogezea kiti. Mama akabonyeza kona, pakafunguka, akayaandika kwenye barua majina yote saba, herufi moja moja, na la nane la aliye bado tumboni. Hakukosea hata moja. Delphin alijifanya anafuta ubao. Mimi sikuwa na cha kufuta, nikafuta macho.

Jumamosi, 6 Septemba
Charlène anasema kinanda cha kwaya kinakoroma. Nimemwambia ni kitu kidogo sana, anitegemee. Vipande kumi na tisa viko mezani sasa, na kimoja sijui kimetoka wapi. Ibada ni kesho saa tatu. Hakuna haja ya kumsumbua Delphin.