Homoni za Cornel

Jumatatu, 8 Septemba

Leo nimepata silaha, na nimeipata kliniki.

Nilikwenda shingo upande. Hosiana, mke wangu, alisema akina baba wameitwa, na nisipokwenda nijipikie mwenyewe. Nikaenda na mtoto wetu Pantaleo, miezi sita, kilo saba na nusu. Muuguzi Lusia akatufundisha homoni. Akasema mwanamume ana testosteroni, na kazi yake haiishii kwenye misuli na ndevu. Inafika mpaka kwenye ubongo, inamsukuma mtu ashindane na atafute ukubwa. Halafu akasema jambo lililonikalisha wima: baba akimbeba mtoto kila siku, homoni hiyo hupungua kidogo, na upole huongezeka.

Nikaandika "hupungua", nikapigia mstari mara mbili. "Kidogo" sikuandika, peni ilikuwa inakwama.

Akina baba wenzangu waliguna. Mimi nilimwaza Cornel.

Cornel ni mwenzangu dukani hapa Mwakitolyo. Tunawauzia wachimbaji sululu, kamba, buti na pampu za maji. Duka ni la Mzee Ebrahim wa Shinyanga mjini, na Jumamosi anakuja kuchagua mmoja wetu akasimamie duka jipya la Buseresere. Atakayechaguliwa anapewa nyumba ya vyumba viwili, bomba la maji ndani! Sisi tunalala chumba kimoja cha mabati, cherehani ya Hosiana iko miguuni mwa kitanda. Hosiana ameshaanza kuaga majirani. Nikikosa, sijui nitamtazama vipi usoni.

Tatizo: Cornel ana sauti, ana kifua, amechimba Geita miaka sita. Mteja akiomba apunguziwe, Cornel anamtazama tu mpaka mteja anaomba radhi. Hana mke, hana mtoto. Testosteroni imemjaa mpaka masikioni.

Dawa yake ninayo. Ina kilo saba na nusu.

Jumanne, 9 Septemba

Mpango una pande mbili. Mimi simgusi Pantaleo mpaka Jumamosi. Cornel amguse sana.

Hosiana anashonea barazani pa duka, na ana sare za shule arobaini za kumaliza. Saa tatu akaniita, Baba Pantaleo, nipokee mtoto. Nikasema mgongo unauma. Nikampa Cornel. Akagoma, akasema yeye ni ngosha, mwanamume kamili, watoto ni wa akina mama. Nikamwambia dakika mbili tu. Akamshika mbali na kifua, mikono imenyooka kama mtu aliyepewa ndoo inayovuja. Dakika mbili zikawa arobaini, kwa sababu nilijificha stoo.

Huko stoo nikala mihogo mibichi na karanga, sahani nzima. Inaongeza nguvu za kiume, kila mtu anajua. Muuguzi hakuitaja, lakini muuguzi naye hajui kila kitu.

Jumatano, 10 Septemba

Ushindi! Cornel analegea. Leo nimemsikia akiimba. Wimbo wenyewe hauna maneno, ni kuguna tu, na Pantaleo yuko mgongoni kwenye khanga ya Hosiana. Wachimbaji wakamcheka. Akawaambia washushe sauti, mtoto amelala. Wakashusha! Hilo sikulitegemea, lakini sijali. Mtu anayenong'ona amekwisha.

Mimi napanda. Tumbo linaunguruma, nadhani ni testosteroni inaingia. Mchana akaja Serafina, mama mwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Huyu hubishania bei mpaka ya msumari. Akaomba nimpunguzie pampu. Nikatoa kifua, nikagonga meza, nikamwambia bei ni hiyo na asiyeiweza aondoke.

Akaondoka.

Ijumaa, 12 Septemba

Jana sikuandika. Jana nilikuwa chooni. Mihogo.

Leo Serafina amerudi ili anishtaki kwa Cornel. Cornel akampa pole, akamwomba amshikie mtoto kidogo ampimie mpira wa pampu. Serafina akamshika, akamchezesha, akasahau kubisha. Kanunua pampu mbili, bei kamili! Akiondoka akasema asante, Baba Pantaleo. Cornel akaitika. Nami nilikuwa papo hapo, nimeshika tumbo.

Nikakimbia kliniki. Nikamwambia Lusia kwamba homoni zake zinafanya kazi kinyume. Akasema testosteroni si hasira. Inamsukuma mtu atafute heshima, na heshima inategemea mahali: pengine inapatikana kwa ngumi, pengine kwa utu. Tena watu hawafanani, mabadiliko yenyewe ni madogo, na homoni haziamui peke yake. Halafu akauliza mimi mwenyewe nambeba mtoto saa ngapi kwa siku. Nikasema mambo ni mengi. Yule dada anapenda sana kuchimba maisha ya watu.

Jioni Hosiana alikuwa amenuna. Nikamweleza kitaalamu kwamba mama akishajifungua homoni zake hushuka, asijilaumu. Akasema kilichoshuka ni heshima yake kwangu. Akaniwekea Pantaleo mapajani. Pantaleo akanitazama, akapiga kelele mpaka akabadilika rangi, akamnyooshea mikono Cornel aliyekuwa anafunga duka.

Iliniuma. Naandika hapa tu, kwingine sitasema: iliniuma sana.

Jumamosi, 13 Septemba

Mzee Ebrahim amefika saa nne. Nikampa shikamoo kwa sauti nzito. Akaitikia marahaba, akaniuliza kama nina mafua. Akaketi barazani na chai yake, saa nzima, anatazama tu. Cornel akahudumia wateja tisa kwa mkono mmoja, mkono wa pili una mtoto. Mimi nilikuwa nakagua kamba kwa ukali.

Halafu Mzee akasema. Buseresere watakuja watu wa kila mkoa, wamechoka, wana vurugu zao. Anataka mtu ambaye akishusha sauti, duka zima linashusha sauti. Na anayemtunza mtoto asiye wake atatunza na duka lisilo lake. Cornel! Kwa majaribio, miezi mitatu.

Cornel akatokwa machozi. Mzee akamsifu mpaka kwa machozi. Nikamkumbusha Mzee kwamba mtoto mwenyewe ni wangu, nimemkopesha tu. Akasema hakujua, maana hajaniona nimemshika.

Hosiana akarudi kwenye cherehani. Akashona mshono mmoja, akaufumua, akaushona tena. Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Jumapili, 14 Septemba

Hosiana ameenda kanisani peke yake, makusudi kabisa. Nimeachiwa Pantaleo kwa muda wa saa tatu.

Akalia. Nikambeba, nikatembea naye mpaka kwenye karasha na kurudi, mara nne. Nikaguna ule wimbo wa Cornel. Akanyamaza. Akanishika pua, akaivuta, kisha akacheka. Wiki nzima nilikuwa nasikia kicheko hicho kikitoka upande wa pili wa duka, leo kimetolewa kwa ajili yangu. Nikalia. Mtu mzima, barazani, mchana kweupe! Nilihisi kitu kinalegea kifuani, na wala sikutaka kikaze tena. Mtoto wangu ni mzuri. Sijui nilikuwa natazama wapi.

Hosiana aliporudi akatukuta hivyo. Nikamwambia nimeelewa nilipokosea. Akaketi karibu yangu, akanishika mkono, mara ya kwanza tangu Jumatatu. Sikuendelea na maelezo, niliona ametosheka.

Nilikosea dozi. Mtoto mmoja kwa siku tano anamlainisha mtu kiasi cha kupendwa tu, na akipendwa anapewa duka. Akizidishiwa, hataweza kumkatalia mteja yeyote, ataishia kugawa buti bure. Na bado kuna miezi mitatu ya majaribio.

Nimempigia simu Mariana, dada yake Hosiana, anayekaa hukohuko Buseresere. Nimemwambia anakuja kijana mwema, jina lake Cornel, anapenda sana kubeba watoto. Mariana amefurahi mno.

Ana mapacha.