Watu Kumi Waliopona

Walubengo alihitimu udaktari akiwa kwenye foleni ya kusagisha mahindi, Kawangware Congo, jijini Nairobi, Jumanne saa nne asubuhi. Masomo yalichukua kama dakika moja hivi. Mbele yake mwenye kinu, Mzee Gikonyo, alijipiga kofi la sikio na kufoka, "Nani anagonga kengele huko nje?" Wateja wakatazamana, maana hakuna aliyekuwa amegonga chochote. Mpakiaji wa magunia akamnong'oneza Walubengo kwamba kengele iko kichwani mwa mzee mwenyewe. Miaka thelathini ya mashine ilikuwa imemwachia mlio usiozimika, na mzee ameapa kumpa laki mbili yeyote atakayeuzima.

Laki mbili! Walubengo alisahau hata mahindi yake. Alikuwa amewahi kuuza viwanja vilivyoko katikati ya mto na tiketi za mechi zilizochezwa wiki iliyopita, lakini huo wote ulikuwa wizi wa rejareja, na mwanamume akifika miaka arobaini huanza kutamani jumla. Hizo laki mbili alizitaka kwa moyo wake wote, na kwa haki lazima tuseme kwamba moyo wake haukuwa mdogo.

Kesho yake alirudi amevaa koti jeupe alilokodi kwa muuza nyama, lililofuliwa mara mbili.

"Mzee wangu, kuna dawa mpya ya hiyo kengele," alisema kwa sauti ya matangani. "Haijafika kwa chemist. Bado iko kwa majaribio."

"Imejaribiwa kwa nani?"

"Kwa panya, mzee. Wote walipona."

"Panya alikuambia amepona?"

Walubengo akakohoa. Gikonyo hakuwa amejenga ploti nne kwa kuamini watu, na sasa alikuwa amekaza macho.

"Sikiza, daktari. Niletee watu kumi. Walikuwa na kengele, wakakunywa dawa yako, sasa hawana. Niwaone na macho yangu. Na wasiwe wa huku Kawangware, hawa wapangaji wangu watasema chochote ili nisiongeze rent. Nikiridhika, nanunua chupa kumi, laki mbili pap! Moja yangu, na hizo zingine nauzia wenzangu wenye vinu. Wote masikio imeisha. Nitawapiga bei mpaka washangae."

Walubengo akatoka akipiga mluzi. Watu kumi wa kusema uongo si kitu cha kumnyima mtu usingizi Nairobi. Alichemsha sukari guru na tangawizi, akatia rangi ya kijani ya keki, akajaza chupa ishirini, kumi za majaribio na kumi za kuuza, kisha akaelekea Kibera.

Huko Mashimoni alielekezwa kwa Zeinabu, mama mmoja Mnubi mwenye kibanda cha maji, ambaye kila mtu alisema ndiye wa kuonwa ukitaka watu. Walubengo alimweleza habari ya utafiti wa masikio kwa madaha, akamaliza kwa kusema kila mshiriki angepata soda.

Zeinabu alifunga mfereji kwanza. "Fomu ya ridhaa iko wapi?"

"Fomu?"

"Daktari, mimi nimeshiriki tafiti tisa. Malaria mbili, maji, choo, moshi wa jiko, zingine nimesahau. Hapa mtu hatoi hata jina bila fomu. Halafu nauli ni ngapi?"

"Nauli ya kwenda wapi, mama? Si mnakaa hapa hapa?"

"Wale wa malaria walitupata hapa hapa na wakatupa elfu moja moja. Nauli ni nauli. Na siku ya dawa ni soda na mkate, siku ya maswali ni soda na kuku. Sasa niambie, kuna kundi la wale wa dawa feki?"

"Hapana, mama. Kundi ni moja. Kila mtu anapewa dawa ya kweli."

Zeinabu akamwangalia kwa huruma. "Basi huo si utafiti, daktari. Hiyo ni biashara."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angerudi kwake. Lakini laki mbili zilikuwa zimeshaota mizizi kichwani mwa Walubengo. Aliuza televisheni yake, ambayo hatutauliza aliipata wapi, akachapisha fomu, akanunua mikate. Kwa wiki mbili alikuwa akivuka kutoka Kawangware kwenda Mashimoni, koti mkononi, kuwagawia watu kumi nauli ya safari ambazo yeye peke yake ndiye aliyesafiri. Aliwauliza mlio wao ulikuwa na nguvu kiasi gani, kutoka moja hadi kumi. Fundi viatu mmoja, Okoth, alisema kumi na moja, na alipoambiwa haiwezekani akatishia kujiondoa. Ilibidi aongezewe paja la kuku.

Wiki ya pili, kama ilivyokubaliwa, walipona wote. Walipona kwa mpango mzuri, mmoja baada ya mwingine, Zeinabu akiwa wa mwisho kwa sababu ya heshima.

Jumamosi Walubengo aliwapeleka kwa Gikonyo. Mzee alikuwa amezima kinu na kupanga mabenchi uani. Nyuma yake walisimama wapakiaji wawili wa magunia, mikono imekunjwa. Kreti yenye zile chupa kumi za kuuza ilikuwa miguuni pa Walubengo, na kila akiitazama aliona laki mbili zimeketi ndani yake.

Okoth ndiye aliyeanza. "Mzee, mimi nilikuwa nasikia kengele ya kanisa asubuhi hadi jioni. Sasa imenyamaza kabisa. Siku ya kwanza nilidhani nimekufa."

Macho ya Gikonyo yakajaa machozi. "Mimi tangu mwaka juzi sijasikia kimya," alisema polepole. "Hata nikiomba nasikia hiyo tu." Walubengo alimwonea huruma ya kweli, kwa muda wa kama chafya moja.

Wote kumi walishuhudia. Gikonyo akapangusa uso, akatoa simu yake ili atume zile laki mbili, na Walubengo akaisogeza kreti mbele.

"Subiri," mzee akasema. "Hizi ndizo walikunywa?"

"Hapana, mzee. Hizi ni mpya, hazijafunguliwa."

"Nani amepona na hizi?"

"Hakuna bado, lakini ni dawa ile ile!"

"Hiyo ni wewe unasema." Gikonyo akamgeukia Zeinabu. "Mama, zile zenu zilibaki?"

Zeinabu akafungua mkoba wake mkubwa na kupanga chupa kumi mezani, taratibu. Zilikuwa zimejaa hadi shingoni, maana watu wa tafiti tisa hawanywi kitu cha kijani kutoka kwa mtu wasiyemjua.

"Zilibaki karibu zote, mzee," alisema. "Ni dawa kali. Mtu alionja tone moja tu, akapona hapo hapo."

"Haiya! Tone moja!"

"Tulikuwa tumeziweka za wajukuu. Lakini kwa sababu unateseka, tutakuachia kwa laki moja na nusu."

Gikonyo, aliyekuwa tayari kutoa laki mbili kwa chupa zisizo na ushahidi, alijiona ameokota elfu hamsini barabarani. Alibonyeza simu yake haraka kabla mama hajabadilisha nia. Ujumbe ukaingia kwa Zeinabu, akausoma mara mbili, akaitia simu kifuani.

"Hapana!" Walubengo akaruka. "Mzee, usikubali! Hizo chupa ni..."

Ua mzima ukamgeukia. Wapakiaji wakakunjua mikono.

"Ni nini, daktari?" Gikonyo akauliza.

Walubengo aliwatazama wapakiaji, akaitazama mikono yao. Alimtazama Zeinabu, naye Zeinabu akamtazama kwa upole, kama mshiriki anayesubiri swali linalofuata. Zikiwa feki hizo, na hizi za kreti ni feki, na koti ni la muuza nyama. Hakukuwa na sentensi hata moja duniani ambayo ingemalizika vizuri kwake.

"Ni... nzuri sana," alisema, na machozi yaliyomtoka yalikuwa halisi. "Tone moja, asubuhi na jioni. Baada ya chakula."

"Ona huyu mtu!" Gikonyo akawaambia wapakiaji. "Amekosa pesa yote, na bado ananifundisha kutumia dawa. Huyu ni daktari wa wito."

Zeinabu na watu wake tisa walikuwa wameshaondoka, wakipita katikati ya foleni ya unga bila haraka. Walubengo naye akabeba kreti yake ili atoke, lakini mzee akamshika mkono.

"Nipe namba yako. Kengele ikinirudia nikupigie."

Walubengo akataja tarakimu kumi za kwanza zilizomjia, kama alivyozoea.

Gikonyo akazibonyeza pale pale, akasikiliza, akakunja uso. "Inasema hii namba haipo." Wapakiaji wakasogea hatua moja. "Rudia, daktari. Polepole."

Walubengo akarudia, polepole, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake akataja namba ya kweli.