Njia Inayomsubiri Mgeni Rasmi

Umma unatangaziwa kwamba kuanzia Februari hadi Oktoba, halmashauri moja kule Uyole ilimiliki njia ya mteremko ya kupandia ofisini, iliyo safi kuliko zote nchini: hakuna gurudumu lililowahi kuigusa. Sifa zote ni za Afisa Andendekisye, msimamizi wa Fursa Sawa kwa Watu Wenye Ulemavu, aliyeifunga kwa utepe mwekundu na kubandika tangazo kwa mkono wake: MARUFUKU KUPITA KABLA YA UZINDUZI.

Lusia wa Ilula, muuza nyanya mwenye baiskeli ya magurudumu matatu, alifika mara sita. Alitaka kizimba chenye paa, maana jua na mvua vilimwozeshea nyanya barabarani. Fomu ya kusajiliwa ili akipate ilikuwa ghorofani, ngazi kumi na nne. Andendekisye, mtu wa huruma kupita kiasi, kila mara alishuka mwenyewe kumweleza kwamba mgeni rasmi ana ratiba ngumu, na kwamba subira huvuta heri. Lusia akaomba ashushiwe fomu.

“Mwongozo hauruhusu, dada. Fomu hufuatwa, haimfuati mtu.”

Hatimaye mheshimiwa akaja. Ngoma zikalia, mkasi ukaletwa kwenye sinia. Ratiba ilidai utepe ukatwe mbele ya mnufaika aliyesajiliwa, na hapo ndipo ikagundulika kwamba wamealikwa watu wote isipokuwa mnufaika. Andendekisye akavuka barabara mbio, tai begani.

“Twende, dada Lusia, mheshimiwa anasubiri.”

“Kamwene, afisa,” Lusia akamsalimia kikwao. “Kwani nimesajiliwa?”

“Ukijaza fomu tu.”

“Iko wapi?”

“Juu.”

“Nipitie wapi?”

Andendekisye akalitazama tangazo lake. Lilikuwa limeandikwa vizuri, tena kwa herufi kubwa.

Akapanda kuifuata fomu. Akashuka nayo, kumbe haina muhuri. Akapanda tena. Ufunguo wa kabati la muhuri alikuwa nao bosi, aliyekaa jukwaani, basi akashuka. Wapiga ngoma wakaanza kupiga kwa kufuata hatua zake. Safari ya mwisho miguu iligoma, akateremka kwa makalio. Fomu ikasainiwa juu ya tenga la nyanya, kizimba namba tatu kikapata mwenyewe, utepe ukakatwa, na Lusia akapanda njia yake huku akipunga mkono.

Mheshimiwa alifurahi mno. Hajapata kuona afisa anayewashushia wananchi huduma kwa jitihada kama zile. Akaagiza papo hapo meza ya Andendekisye ihamie chini, kando ya barabara, moja kwa moja.

Sasa mvua zimeanza. Andendekisye aliandika barua kuomba mwavuli, na juzi amejibiwa kwa muhuri: mwavuli umeshanunuliwa, tena mkubwa, ila unasubiri mgeni rasmi.

Lusia, mkavu chini ya bati lake, humsalimia kila asubuhi.

“Subira huvuta heri, afisa.”