Bwawa Lisilo na Ngazi

Mtu aliyeitwa Injinia hakuwa injinia. Tuliweke hilo mezani mapema ili tusilaumiane huko mbele. Shuleni alifika mpaka pale hesabu zilipoanza kuchanganywa na herufi, akaona huo ni utapeli wa wazi, akatoka. Mali zake za kujivunia zilikuwa tatu. Kulikuwa na kofia ya njano ya ujenzi. Kulikuwa na mchoro mkubwa uliokunjwa kama mkeka, ambao hakuwahi kuufungua mbele ya mteja kwa sababu ulikuwa wa banda la kuku. Na kulikuwa na pikapu ya bluu aliyoiita Malkia. Kofia na mchoro vilikuwa vya kazi. Malkia alikuwa wa moyoni.

Siku hiyo alikuwa ameegemea kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi, hanunui kitu. Pale dukani alikuja kusikiliza tu, kama daktari anavyosikiliza kifua cha mgonjwa. Mbele yake mzee mwembamba, miwani imefungwa kwa kamba ya kiatu, alikuwa akimrudishia muuzaji karatasi ya makadirio.

"Hii ni bei ya bwawa au ya ziwa?"

"Mzee wangu, ndiyo bei ya kampuni. Mimi nimeagizwa tu nikupe."

"Basi na mimi nakuagiza uwaambie nimekataa. Nitajenga mwenyewe uani kwangu. Nitasimamia mwenyewe, hatua kwa hatua."

Nitasimamia mwenyewe! Kwako wewe hayo ni maneno mawili tu. Kwa Injinia ilikuwa ngoma na tarumbeta. Miaka mingi ya kula bila jasho ilikuwa imemfundisha kwamba mjinga ni kazi ngumu, maana hata kuibiwa inabidi umweleweshe. Mtu mtamu ni yule anayekimbia ili asiibiwe. Huyo anakimbia bila kuangalia mbele.

Akamfuata nje.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nimesikia bila kukusudia. Umewakatalia wale wa kampuni?"

"Nimewakatalia."

"Hebu nikupe mkono." Akampa mikono yote miwili. "Watu wa namna yako wamebaki wachache. Wengine wanaibiwa huku wanasema asante."

Mzee alikuwa mwalimu mstaafu. Miaka thelathini alisahihisha mitihani, na mtaani kila mtu alimwita Mwalimu, hata wale waliomzidi umri. Hapo ndipo Injinia angepaswa kusimama, afikirie kidogo, aende zake. Lakini macho yake yalikuwa kwenye saa ya mkononi ya mzee.

Chini ya kiti cha Malkia alivuta kijitabu chenye jalada la kung'aa: *SIMAMIA MWENYEWE: Bwawa la Kuogelea Uani kwa Mwenye Nyumba Mwerevu.*

"Hiki siuzi," alisema, maana wengine wote alikuwa amewauzia. "Chukua. Bosi ni wewe, mimi ni mshauri tu. Kazi zote za mwanzo nagharamia mimi, ili uone kwa macho. Tukifika kwenye pampu, chujio na vigae, vile vinavyotoka nje, hapo ndipo unatoa hela, kwa mkupuo. Wale watu wa nje hawapokei nusu nusu."

Mwalimu akakipima kijitabu mkononi. "Ni kinene."

"Elimu, mzee."

Ukweli ni kwamba hata mwenyewe hakujua kilivyonenepa. Alimpa dada wa duka la kuchapa kurasa tatu alizoziokota mtandaoni, akamwambia, "Zifanye ziwe kitabu." Dada, mtu mwaminifu, akajaza kila alichokipata kuhusu ujenzi: taratibu, tahadhari, haki za mteja, mpaka mfano wa mkataba. Injinia hakukisoma. Wateja wake pia hawakukisoma. Mpaka hapo mambo yalikuwa sawa kwa pande zote.

Mbinu yenyewe ilikuwa nyepesi. Unamchimbia mtu shimo uani. Siku mbili, tatu, kwa gharama yako. Majirani wanachungulia juu ya ukuta, wanauliza, wanatambiwa. Siku ya nne unaomba hela ya pampu. Mtu aliyekwishawatambia majirani atauza hata kitanda, ili mradi asibaki na shimo na vicheko. Ukishapokea, unaondoka na Malkia kwenda kuiagiza pampu, na pampu haifiki, na wewe hufiki.

Jumatatu asubuhi Injinia alifika na Koleo, kiongozi wa wachimbaji. Koleo alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana, ndiyo maana alitaka kulipwa kila jioni.

Walimkuta Mwalimu getini amevaa mabuti ya mpira na filimbi shingoni. Nyuma yake ua mzima ulikuwa na kamba, na kwenye kamba mashuka meupe, safu kwa safu. Mkewe alikuwa dobi wa nyumba za wageni. Alikuwa na mikono ya kukamua blanketi na ulimi wa kukamua mtu.

"Karibuni," alisema. "Msinichafulie mashuka. Bomba hili linatoa maji siku mbili kwa wiki, siku nyingine linapiga miluzi. Wiki iliyopita nimepoteza wateja wawili kwa kuchelewesha. Nikipoteza wa tatu, nafunga."

"Pole sana, mama," Injinia alisema kwa huruma ya mtu anayepima urefu wa ua.

"Kabla hatujaanza," Mwalimu alisema, "ukurasa wa kumi na nne una mfano wa mkataba. Nafasi zilizo wazi nimezijaza kwa ahadi zako. Tusaini, kwa utaratibu tu."

Injinia alisaini bila kusoma, kwa mbwembwe, kama mchezaji anayesaini mpira. Filimbi ikalia. Kazi ikaanza.

Na hapo ndipo Mwalimu alipoonyesha maana ya kusimamia. Alikagua udongo. Alikagua sururu. Mchimbaji akipumzika kidogo, filimbi. Shimo likipinda kwa upana wa kidole, filimbi. Alitaka pembe nne zilizonyooka, kuta wima kama za chumba, na kina kilekile kila upande.

Koleo, aliyewahi kufagia kwenye hoteli yenye bwawa, akamvuta Injinia pembeni.

"Kaka, kuna kitu hapa. Ngazi za kushukia ziko wapi?"

"Mteja hataki ngazi."

"Na upande wa kina kifupi, wa watoto?"

"Watoto wake wameshaota ndevu."

"Sasa mtu akiingia humu anatokaje?"

"Koleo, wewe umewahi kuogelea kwenye bwawa?"

"Sijawahi."

"Basi usibishane na wataalamu."

Mtaalamu mwenyewe maisha yake yote alikuwa ameogea beseni, na mara moja tu aliingia kwenye maji mengi kuliko hayo, siku mtaro ulipofurika akiwa amelala.

Siku ya nne ikafika. Majirani walikuwa wamechungulia vya kutosha. Mmoja alikuja na kiti kabisa. Injinia akakohoa kikohozi cha biashara.

"Mwalimu, shimo hilo. Sasa tuzungumzie pampu."

Mwalimu akavaa miwani, akatoa kijitabu. Kila ukurasa ulikuwa na wino mwekundu.

"Kwanza nimekisahihisha. Umepata arobaini na moja kwa mia. Ungepata zaidi, lakini mwandiko wa michoro ni mbaya. Sasa, ukurasa wa tisa: 'Mwenye nyumba mwerevu asitoe hela ya vifaa vya nje kabla sakafu na kuta za zege hazijasimama.'"

"Imeandikwa hivyo?"

"Kitabu si chako?"

"Changu, changu kabisa." Injinia akacheka kwa meno yote. "Nilikuwa nakupima tu, Mwalimu. Umefaulu."

Jioni alikaa ndani ya Malkia na Koleo, akiwaza kwa sauti. Zege linataka nondo. Linataka saruji. Linataka mafundi, na mafundi ndugu zao ni kina Koleo.

"Achana naye," Koleo alisema. "Nilipe ya leo, tuondoke."

"Nimwachie shimo langu? Yule mzee ana kiinua mgongo cha miaka thelathini, Koleo. Akitoa ya pampu, nanunua kina Malkia watatu."

"Sawa. Nilipe ya leo."

Nondo zikaja kwa hela aliyokuwa ameifukia kwa ajili ya siku mbaya. Saruji ilipoisha ukuta ukiwa nusu, siku mbaya ikaja yenyewe. Injinia akamwendesha Malkia mpaka kwa muuza magari, akazima injini, akakaa ndani kwa muda mrefu kiasi kwamba muuza magari alikuja kugonga kioo kuuliza kama anajisikia vizuri. Alirudi kwa miguu, na ushuru wa machozi amelipa njiani.

Kuta zikasimama. Kikohozi cha biashara kikatoka tena.

"Ukurasa wa kumi," Mwalimu alisema kwa upole. "Lipu yenye dawa ya kuzuia maji, mikono mitatu."

"Mitatu?"

"Umeandika kwa herufi nzito."

Lipu ikapigwa, mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka. Mkono wa tatu aliupiga Injinia mwenyewe, kwa magoti, maana fundi alikuwa ametaka kulipwa na mfukoni mlibaki ufunguo wa akiba wa gari ambalo si lake. Mke wa Mwalimu alimletea chai na mkate pale chini kwa ndoo yenye kamba.

"Piga vizuri kwenye kona, mwanangu," alimwelekeza kutoka juu. "Kona ndiyo inayovuja."

"Nimeiona, mama."

"Na hiyo kofia ivue, utapata joto la bure."

Akaivua, akaiweka ukingoni.

Ukurasa wa kumi na moja ulitaka bwawa lijazwe na kuachwa siku saba, alama ya chaki ukutani ili ionekane kama maji yanashuka. Boza la maji likaja, kwa gharama ya mshauri, ambaye safari hii aliuza saa yake. Siku saba Injinia alikuja kila asubuhi kuitazama ile chaki kama mgonjwa anayesubiri majibu ya maabara. Maji hayakushuka hata unene wa kucha. Lazima tuseme kweli: ilikuwa kazi safi. Ndiyo kazi ya kwanza ya halali aliyowahi kuimaliza maishani, na aliifanya kwa nia mbaya kabisa.

Siku ya nane alivaa shati lake jeupe la kupokelea hela. Koleo alikuja naye, kwa usalama wa fungu lake.

Walipoingia uani, mashuka yalikuwa mengi kuliko siku zote. Juu ya bwawa kulikuwa na mfuniko wa mbao imara, umeachwa tundu moja la mraba. Mifereji ya bati kutoka paa la nyumba ilikuwa imegeuzwa yote, inaelekea tunduni. Na pale tunduni mke wa Mwalimu alikuwa ameinama, anateka maji na kuyamimina kwenye karai la sabuni. Anateka kwa kofia ya njano.

"Mwalimu," Injinia alisema, na sauti ikamtoka nyembamba, "bwawa liko wapi?"

"Umelijenga wewe. Hujui liko wapi?"

"Mtu ataogeleaje na mfuniko?"

"Haogelei mtu hapo. Hilo ni tangi la mama. Mafundi wa matangi walituzungusha miezi mitano, tukaona bwawa likifunikwa ni tangi, na wale wa kampuni ya mabwawa bei yao uliisikia." Akafungua kijitabu, bila haraka. "Nilikwenda dukani na hela yangu, Injinia, nia yangu kulipa. Wewe ndiye uliyenipa kitabu. Ukurasa wa kumi na nne, uliosaini: 'Mshauri atagharamia kazi zote hadi kabla ya vigae. Mwenye nyumba anaweza kusitisha mradi katika hatua yoyote, na kazi iliyokwishafanyika itabaki mali yake.' Nimesitisha jana saa nne asubuhi."

"Huu ni wizi!" Injinia alipiga kelele, na neno likamkaa mdomoni vibaya, kama kiatu cha mtu mwingine. "Nakwenda polisi!"

"Vizuri. Nisubiri nivae viatu twende wote. Utawaeleza na hiyo pampu ulikuwa uiagize wapi."

Injinia akamtazama Koleo. Koleo alikuwa anatazama mashuka, kwa makini sana, kama mtu anayetaka kununua.

"Kila siku nilimwambia mama, leo ataniuliza," Mwalimu aliendelea, na kwa kweli alisikitika, kama anavyosikitika mwalimu kwa mwanafunzi aliyekaa mbele mwaka mzima. "Nikasema, mtu wa mabwawa, bwawa halina ngazi, hana budi kuuliza. Hukuuliza. Swali hilo tu lingekuokoa."

"Mimi niliuliza," Koleo alisema taratibu.

"Wewe ulinyamazishwa. Kesho njoo, mama anatafuta mtu wa kukamua mablanketi. Analipa kila jioni."

Injinia akageuka kuondoka kwa heshima iliyobaki. Mguu wake ukapata maji ya sabuni. Alianguka chali, shati jeupe likapokea tope mbele ya jirani mwenye kiti, ambaye alipiga makofi.

Mke wa Mwalimu alimwinua kwa mkono mmoja.

"Pole, mwanangu. Vua hilo shati nikufulie. Sasa hivi maji tunayo."

Injinia akalivua, akampa. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akapata nguvu ya kutabasamu.

"Asante, mama. Nitalipa nikishaiona kazi."

"Hayo ni ya kwenye kitabu chako, baba," alisema mama, akilikunja shati na kuliweka kwapani. "Hapa kwangu unalipa kwanza."